Wimbo wa Katuni Uliomliza Mama

Mimi ndiye ninayeliza watu Ilongero. Nasema bila kujisifu, au kwa kujisifu, chukua unavyotaka. Kukitokea msiba kwaya inaitwa, na kwaya ikiitwa watu wanauliza kwanza kama mimi nipo. Nikisimama pembeni ya jeneza nikaishika sauti ya kwanza, hata wale waliokuja kwa ajili ya wali wanaweka sahani chini. Nimeliza madereva wa bodaboda. Nimeliza wakwe waliokuwa hawasemezani na marehemu. Mchungaji mmoja aliwahi kuniomba nipunguze kidogo, maana ikifika zamu yake ya kuhubiri watu wanakuwa hawasikii tena kitu.

Mtu mmoja tu alinishinda, naye ni mama yangu mzazi.

Baba alikufa wakati alizeti zimeshainamisha vichwa, tunangoja kuvuna. Asubuhi alilalamika kifua, jioni hatukuwa naye. Mama hakulia. Hakulia hospitali, hakulia mwili ulipoletwa nyumbani, hakulia makaburini. Alikaa kwenye mkeka, kanga imemshuka mpaka kwenye nyusi, mtu akimpa pole anajibu "asante" na kumsogezea mwenzake nafasi akae. Mimi nililia mpaka nikaanguka, na aliyenidaka ni yeye. Nikainuka, nikaimba pale kaburini, namwimbia yeye, macho yangu kwenye macho yake, na watu wote wakalia isipokuwa yeye. Shangazi zangu wakaanza kunong'onezana. Mjane asiyelia anasemwa, na shangazi zangu kwa kusema hawajambo.

Maneno ya shangazi ningeyameza. Kilichonitia hofu ni yaliyofuata watu walipotawanyika. Mama akaacha kula. Anamega tonge la ugali wa uwele, analigusisha kwenye mlenda, analirudisha. Akaacha kutoka nje. Akaacha hata kusema, mama yule aliyekuwa akigombana na kuku mpaka majirani wanadhani kuna wageni! Analala uso umegeukia ukutani, ukimwita anaitika kwa pua. Nilijua kilio kimemkaa kifuani na kisipotoka kitaondoka naye. Na nilijua kukitoa ni kazi ya nani. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, mimi ndiye niliyerudi kukaa naye baada ya ndoa kunishinda, na mimi ndiye mwenye sauti. Basi kila jioni nilikaa kitandani kwake nikamwimbia nyimbo zote za kitabuni, nikimchungulia usoni kama kuna hata tone. Hakuna. Ananipapasa goti, ananiambia nikalale, nimechoka.

Sasa nimlete wifi.

Wifi ni mke wa mdogo wangu. Ni mtu wa Itigi, na huko Itigi ndiko wanakoishi, mdogo wangu ananunua asali kwa warina na kuiuza stesheni treni zikisimama. Walikuja kwenye msiba wote wawili, mume akarudi kwenye asali yake, wifi akabaki amsaidie mama mkwe mpaka ibada ya shukrani ya kumaliza msiba ipite, ndivyo inavyotakiwa. Sikuwa na ubaya naye. Mwembamba, mpole, shikamoo yake anapiga magoti mpaka kwenye tope. Kinyaturu chetu hajui hata cha kuombea chumvi, maana Itigi imechanganya makabila na wao ni Kiswahili tu. Akimaliza vyombo anakaa na simu anaangalia katuni za Kijapani, mwanamke mzima, ana ndoa! Na alikuja na gitaa kavu ambalo tumbo lake limebandikwa gundi ya bomba, alijifunza kwa vijana wa kanisani kwao. Lilikuwa limesimamishwa nyuma ya mlango wa jikoni, na kwa heshima ya msiba hakuligusa.

Siku aliyoligusa mimi nilikuwa bombani. Narudi na ndoo kichwani, nafika kwenye ua wa katani, nasikia mtu analia. Si kulia kwa redio. Kulia kwenyewe, kwa kukatika pumzi. Nikasema Mungu wangu, nani tena? Nikakimbia, maji yananimwagikia mgongoni.

Wifi alikuwa amekalia kinu kilicholazwa, gitaa pajani, kichwa kimeinama anaangalia nyuzi zake. Anapiga polepole, anaimba kwa sauti ndogo ya kubembelezea mtoto, lugha siielewi. Na mbele yake, kwenye kigoda, kaegemea ukuta wa jikoni, alikuwa mama. Analia. Kanga imemvuka kichwani, makamasi yanamtoka, mabega yanapanda na kushuka. Mtu ambaye wiki nzima hakuwa ametoka chumbani kwake alikuwa nje juani, analia wimbo ambao hakuna mtu Ilongero nzima aliyeujua.

Mtu mwenye akili zake angetua ndoo akamshukuru Mungu. Mimi nilisimama na kitu cha kwanza kilichonijia ni hiki: kwa nini yeye? Roho ilinichoma, nasema ukweli. Ilinichoma hapa chini ya kifua ikapanda mpaka masikioni.

"Wifi," nikasema, "huo ni wimbo gani?"

Akashtuka. Akalaza kiganja kwenye nyuzi, zikanyamaza. "Ni wa katuni, wifi. Ule wa mwanzo, kabla katuni haijaanza. Nilikuwa najaribu tu nyuzi, nilidhani mama kalala."

"Katuni? Unapiga nyimbo za katuni kwenye nyumba ya msiba?"

Akafungua mdomo aombe radhi. Mama akamuwahi. Hakuinua hata uso.

"Mwache," akasema. Hilo ndilo neno la kwanza la maana kutoka kwake tangu tulipozika. Nikangoja la pili. "Mwache apige. Wewe kachote maji mengine, hayo yamemwagika."

Jamani! Nilirudi bombani nikiongea peke yangu njia nzima, na mtoto wa jirani akanikimbia.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Jua likishavuka paa la zizi, mama anatoka mwenyewe, anaburuta kigoda chake, anamwita, "Mkwe wangu, lete kile kigogo chako." Anaitwa mkwe wangu, kwa sauti laini namna hiyo. Mimi niliitwa ukitafutwa ufunguo wa stoo. Na mama akaanza kula. Uji akamaliza kikombe, akaomba na cha pili. Nilifurahi, mimi si mchawi. Lakini nilifurahi huku nimenuna, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja kwa mtu anashindwa hata kukaanga vitunguu visiungue.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nikitokea mimi, mama ananyamaza. Nikija nikakaa, hata kama nimekaa kimya, anajifuta uso, anakaa sawasawa, anauliza kama ng'ombe wamekunywa. Basi siku moja nikafanya kama nakwenda shambani, nikazunguka nyuma, nikajibanza kwenye ukuta wa jikoni upande wa kuni. Naam, nilichungulia. Ni nyumba ya baba yangu.

Wifi alikuwa anapiga ule ule. Wimbo wenyewe nikaanza kuuelewa namna ulivyojengwa, maana hiyo ni kazi yangu. Nyuzi mbili zinaanza, moja inauliza, nyingine inajibu kwa chini. Unadhani bado wanatafuta tuni, kumbe sauti imeshaingia, imeingia hujajiandaa. Halafu kuna mahali inapanda, inapanda, unaona kabisa inataka kusema jambo kubwa, inafika juu, inasita, inarudi chini bila kulisema. Na kila inaporudi chini mama yangu alikuwa anasema kitu.

Nikatega sikio. Alikuwa anaongea na baba. Kwa Kinyaturu, polepole, ndani ya wimbo. Anamgombeza! Anamuuliza kwa nini hakusema mapema kwamba kifua kinamuuma, alikuwa anamficha nani. Anamuuliza ghala limebaki nusu paa, alitaka alipande nani, yeye na magoti haya? Wimbo unapanda, anakaa kimya anausubiri. Ukishuka, anaendelea. Anamwambia kitanda ni kikubwa. Anamwambia bado analala upande wake, hasogei. Na wifi wa watu yuko pale pale, anaimba Kijapani chake, macho kwenye nyuzi, haelewi hata neno moja la Kinyaturu. Mmoja anaimba kisichoeleweka na mwenzake, mwenzake anajibu kisichoeleweka na yeye, na wamepatana kabisa.

Mimi niliyeelewa yote nilikuwa nyuma ya kuni, na siafu wamenipanda mguuni.

Nikaamua nitaujua huo wimbo. Nilimkuta wifi anachambua maharage, nikamuuliza kwa uzuri kabisa, kama sina neno, maneno yake yana maana gani.

"Hata mimi siyajui yote, wifi," akasema. "Nimeyashika tu kwa masikio. Ila katuni yenyewe ninaijua. Kuna binti anapanda mlima kila siku kupeleka taa kwenye nyumba ya mtu ambaye alishahama. Watu wanamcheka. Kwenye katuni wimbo una ngoma na magitaa ya umeme, fujo tupu, wanakimbia. Ila kuna Mjapani mmoja aliupiga peke yake na gitaa kavu. Mimi niliposikia ule wa gitaa kavu ndipo nikajua kumbe siku zote ulikuwa wimbo wa huzuni."

Akanipa simu na spika za masikioni nisikilize ule wa gitaa kavu. Nikaenda kukaa kwenye kivuli cha trekta bovu la jirani, nikajisemea ngoja nione makosa yake. Nilikuwa nimejiandaa kuona makosa. Sauti ikaingia hujajiandaa, vile vile. Ilipofika pale juu ikasita, mimi nilishakuwa na mkono mdomoni. Nikamwona baba amesimama kwenye mlango wa zizi na kamba begani, kaniangalia, anataka kusema kitu, basi. Nililia pale peke yangu mpaka nikawachukia watu wote, wifi, binti wa taa, na huyo Mjapani aliyekaa na gitaa lake huko kwao, hajui hata Singida iko wapi, akaniingilia nyumbani kwangu. Mimi nimeimba miaka mingi. Sijawahi kujifanyia mwenyewe hivyo.

Hapo ndipo wazo likanijia, na nililiona zuri sana.

Kwenye kwaya zetu wimbo hauna mwenyewe. Ukisikia sauti nzuri popote, kwenye redio, kwenye harusi, hata kwenye tangazo la sabuni, unaichukua, unaitia maneno ya Mungu, mwalimu anaipanga sauti nne, kazi imeisha. Tumefanya hivyo tangu tukiwa watoto. Nikasema huu nao nauchukua. Nitautia maneno mazuri, ya baba, ya mbinguni, ya kuonana tena. Nitamwimbia mama kwa Kiswahili anachokielewa, na ibada ya shukrani ikifika, kilio kilichobaki kifuani nitakitoa mimi. Kama yasiyoeleweka yamemliza, je, yakieleweka?

Nikampelekea mwalimu wa kwaya. Nilimwimbia mara moja, akasema huu ni mzito, umeutoa wapi? Nikasema umenijia. Akaandika do re mi ubaoni. Sauti ya tatu wakapewa mwangwi, besi wakapewa "Baba, Baba, Baba." Mpiga kinanda akaona mwanzo ni mkavu mno, akaongeza nyuzi za kwenye mashine. Kijana wa ngoma akasema mwishoni pachangamke kidogo, watu wapate pa kupungia vitambaa. Pale wimbo unapopanda na kusita, mimi sikuweza kupaacha hivyo. Pale palikuwa panadai neno. Nikapatia neno, nikalivuta, nikalipandisha juu zaidi kuliko Mjapani alivyothubutu. Tukifanya mazoezi watu wanasimama barabarani. Wifi sikumwambia.

Siku ya ibada watu walijaa mpaka nje ya ua. Turubai limefungwa, mchungaji yupo, shangazi zangu mstari wa mbele wamevaa sare. Mama amekaa katikati, kitenge kipya, kichwa kimenyolewa, mkwe wake ubavuni. Kwaya ikasimama. Mwalimu akanipa sauti. Nikaanza.

Nilimwona wifi anainua kichwa. Aliujua hapo hapo, kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Nilimsubiri anune, nilitamani anune. Akatabasamu kwa furaha kabisa, akaanza kutikisa kichwa taratibu pamoja nasi. Hilo nalo nikaliweka kwenye orodha ya makosa yake.

Tulipofika pale juu nikalivuta lile neno, na watu wakavunjika. Shangazi mkubwa akaanguka. Shangazi mdogo akaanguka juu yake. Wanawake wakaanza kuja mbele kunitunza, huyu ananivisha kanga begani, huyu ananifuta jasho kwa leso, mchungaji mwenyewe kavua miwani. Na mimi katikati ya yote hayo naangalia macho ya mtu mmoja. Makavu. Mama alikuwa anampepea shangazi mkubwa. Nikatoka kwenye mstari, nikamfuata mpaka pale alipokaa, nikapiga magoti mbele yake huku naimba, machozi yananichuruzika, namwangalia, namwangalia. Nasema moyoni, mama, lia. Nakuomba.

Mama akashika pindo la kitenge chake kipya. Akanifuta mimi. Jicho la kulia, la kushoto, na pua.

"Basi, mwanangu," akasema. "Basi, inatosha. Utaumwa kichwa."

Ngoma ikachangamka, vitambaa vikapungwa. Nilibaki nimepiga magoti mpaka mwalimu wa kwaya akaja kuninyanyua. Watu wanasema hakujawahi kuwa na shukrani kama ile, na mpaka leo tunaalikwa kuuimba huo wimbo vijiji vya watu, hata Singida Mjini tumeuimba. Kila nikialikwa nanuna.

Kesho yake wifi alikuwa anarudi Itigi. Msiba ulikuwa umekwisha, na kwetu msiba ukiisha ndipo wanawake wa nyumba wanasuka tena, maana mfiwa hasuki. Kichwa changu kilikuwa kimetimka na kuwasha. Tangu nikiwa mtoto nimesukwa na mama, hata nilipokuwa na mume nilipanda bodaboda kuja kusukwa na mama. Niliamka nikaweka chanuo na mafuta dirishani kwake, nikaenda kukamua. Narudi na maziwa, nakuta wifi amekaa chini katikati ya magoti ya mama yangu, anasukwa. Tena kwa mafuta yangu.

"Safari ni ndefu," mama akasema aliponiona. "Hawezi kushuka Itigi na kichwa hivi, watasema kwa mkwewe kuna nini."

Nilisubiri mpaka bodaboda ikaja, wifi akapiga magoti kutuaga, gitaa likafungwa mgongoni. Akanikumbatia, akaniambia, "Wifi, ulivyoutia maneno! Nitawaambia wenzangu Itigi." Nikamjibu vizuri. Vumbi lao lilipotulia nikamgeukia mama.

"Mama, mimi nimekukosea nini?"

"Umenikosea lini?"

"Yule kaja juzi. Mimi ni damu yako. Nimekuimbia mpaka koo limekauka. Nimekuimbia kaburini, nimekuimbia kitandani, jana nimekuimbia magotini mbele ya watu wote. Hata tone! Yeye anakwaruza wimbo wa katuni, hajui hata anasema nini, unamlilia yeye. Shangazi wanalia, mchungaji analia, wewe unanifuta pua!"

Nilikuwa nimepandisha sauti, nisingethubutu siku nyingine. Mama hakukasirika. Aliokota nywele za wifi zilizoanguka chini, akazifanya kidonge kidogo, akakitia mfukoni kwenda kukichoma, kama anavyofanya siku zote.

"Wewe ukiimba unaniangalia," akasema.

"Sasa nimwangalie nani?"

"Unaniangalia kama nimelia. Mimi nikikuangalia, naona wewe unalia. Nikiona mwanangu analia, nitafanya nini? Nitakushika. Siku ile baba yako amekata roho, nilikuwa nataka kukaa chini, ukaniangukia. Nikakushika. Makaburini, nikakushika. Kila jioni ukija pale kitandani umebeba kilio chako, nikakushika. Mikono haikupata nafasi." Akafunika kopo la mafuta. "Mkwe anaangalia nyuzi zake. Hana habari na mimi."

Nilitaka kubisha. Mimi hubisha, kila mtu anajua. Nilifungua mdomo nikakuta machozi yako tayari, yananingoja, na mama ananiangalia, na mkono wake umeshaanza kushika pindo la kanga. Nikayameza. Sijui niliyamezaje.

Nikamgeuzia mgongo. Nikakaa chini, pale pale alipokuwa amekaa wifi, bado pana joto, nikaegemeza mabega kwenye magoti yake.

"Nisuke na mimi," nikasema.

Alicheka kidogo puani. Akachukua chanuo. Akanishika kichwa kwa mkono wake mgumu, akakigeuza mbele, akakikandamiza kama nilipokuwa mdogo, maana yake tulia, ukitikisika utaumia. Mbele yangu lilikuwa banda la kuku na mlango wake wa bati. Akagawa nywele katikati. Akasuka mstari wa kwanza, akasuka wa pili.

"Imba basi," akasema. "Ule wa mkwe."

"Maneno yake siyajui."

"Nani kakuuliza maneno?"

Nikaanza kwa kuguna tu, mdomo umefungwa. Zile nyuzi mbili, moja inauliza, nyingine inajibu kwa chini. Nikaingiza sauti. Nilipofika pale juu, pale nilipopatia neno na kulivuta, koo lote lilikuwa linalitaka. Nikapaacha hivyo. Nikasita, nikarudi chini.

Vidole vya mama vikasimama kichwani kwangu.

Shingo yangu yote ilitaka kugeuka. Nataka niseme ukweli, sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kugeuka pale. Yeye wifi ameyaona machozi ya mama yangu mchana kweupe, kila siku, bila hata kuyataka. Mimi nilikuwa na mlango wa banda la kuku. Nikaukazia macho nikaendelea, nikapanda tena, nikarudi chini, na nyuma yangu, juu ya kichwa changu, mama akaanza kusema na baba kwa Kinyaturu.

Alimwambia shukrani imepita, watu walikuja wengi. Halafu akamwambia habari zangu. Alizisema ndefu, na alijua kabisa mimi si wifi, mimi Kinyaturu nakisikia chote. Sikugeuka, sikujibu, sikujifuta. Hayo aliyoyasema siyaandiki hapa, na wifi hata aje na magitaa kumi hayapati.